Mke Wangu Anamshukuru Mtu Aliyemtelekeza

Admin wa kundi hili ameniahidi kuficha jina langu, kwa hivyo nitasema yote. Mimi ni Mkenya wa miaka arobaini na mbili, dereva wa kampuni hapa Riyadh.

Mke wangu alitangulia Saudia, kufanya kazi za nyumbani Jeddah. Mbunge wetu ndiye aliyesimama kanisani akasema, "Waacheni waende, mimi ndiye mzazi wao kule." Tukamwamini. Kumbe huko mtaa wa Al-Mahjar, Jeddah, madam aliyemwajiri alimnyang'anya pasipoti akawa anamfungia ndani. Akipata simu ya kuazima ananipigia, analia tu.

Baadaye nami nikapata kazi hapa Riyadh. Siku moja mbunge huyo akaja huku, nikapangiwa kumwendesha hadi hoteli moja ya mtaa wa Olaya. Nikampa karatasi yenye jina la mke wangu na namba ya kafili, yule mwajiri aliyemdhamini. Akanishika bega. "Ndugu yangu, hiyo niachie mimi."

Mke wangu alipopiga nikamwambia, "Mheshimiwa ameshika hilo jambo, vumilia kidogo." Kesho yake naosha gari, naikuta ile karatasi chini ya kiti cha nyuma. Alikuwa ameifutia vidole mafuta ya kuku.

Sikuweza kumwambia. Lile ndilo tumaini pekee alilokuwa nalo. Alikaa humo miezi kumi na moja zaidi. Aliyemtoa ni rafiki yangu Msomali, fundi simu wa mtaa wa Sharafiya kule Jeddah, aliyemfuata kafili bila kuchoka hadi kafili akasaini karatasi za kuondoka. Mke wangu hamjui kabisa. Alifika nyumbani akimwombea mheshimiwa, nami nikanyamaza.

Yule mbunge alianguka kwenye uchaguzi, na kabla mwaka haujaisha akafanywa mkuu wa chuo kikuu. Siku hizi anaitwa Profesa. Anahubiri utu kwenye televisheni mpaka nazima. Mke wangu akasisitiza binti yetu asome hapo hapo, "kwa yule mtu wa Mungu."

Mwezi ujao binti anahitimu, na amechaguliwa kutoa hotuba ya shukrani. Ameandika jinsi Profesa alivyomwokoa mamake. Mamake ataitwa asimame mbele ya watu wote, na namjua yule bwana, atapokea makofi bila haya.

Nikisema ukweli, nitawaambia pia kwamba nimewadanganya miaka yote hii. Jana binti alinitumia hotuba kwa WhatsApp: "Baba, isome uniambie kama nimekosea mahali."

Ameona nimeisoma. Ndugu zangu, nimjibu nini?