Mlango wa Bi Zuhura Ulivyokwenda Shule

Tangu Ijumaa nawakwepa majirani, lakini Mji wa Kale mzima unajua nilichofanya, basi jueni na nyinyi.

Shuleni ninakofundisha tuliletewa kamera na televisheni ya kupitishia picha kwenye laini ya simu, ili wanafunzi wa ng'ambo wautembelee mji wetu bila kupanda ndege. Mimi nikapewa kazi ya kuwaonyesha milango ya nakshi. Tatizo, waya wa kamera ulikomea darasani, na mlango ulio mzuri zaidi uko mtaa wa pili, kwa Bi Zuhura. Mwenyewe alikuwa Lamu, harusini. Nikaona, kama kamera haifiki mlangoni, basi mlango uje kwenye kamera. Seremala na mahamali wanne wakaung'oa, wakaja kuufunga kwenye mlango wa darasa.

Watoto wakatokea kwenye televisheni, wamejipanga. Mwalimu mkuu, kando yangu, alikuwa akitabasamu.

"Mlango huu," nikasema kwa madaha, "aliuchonga babu yangu."

Babu yangu alikuwa muuza samli.

"Na huku kwetu hatuingii nyumba ya mtu bila kubisha. Haya, semeni nyote: Hodi!"

"Hodiii!"

"Karibuni, wanangu," ikajibu sauti nyuma ya mlango.

Mlango ukafunguka. Akaingia Bi Zuhura, mkoba wa safari begani, akimburura mbuzi.

"Mwalimu Khamisi, huyu nimemkuta kitandani kwangu. Yeye hakupiga hodi, maana hakuona mlango."