Kata ya Kwanza ya Ugimbi

Nimesomea ini la binadamu na namna pombe inavyoliharibu, na aliyenisomesha ni pombe yenyewe. Mama yangu alipika ugimbi wa ulezi na mahindi kijijini kwetu, upande wa Litembo, na kila aliyerudi kwake akipepesuka alikuwa amechangia elimu yangu. Nilipopata vyeti nikarudi kuwaambia wateja wale wale kwamba walikosea. Walinipokea vizuri sana.

Kule chini ziwani kazi ya kupima watu maini ilikwenda bila ubishi. Kwetu milimani ikakwama siku ya kwanza. Tulikuwa na mashine inayobonyeza ubavuni na kupima ugumu wa ini, haina sindano wala haitoi damu, lakini watu waliojaa zahanati hakuna aliyetaka kulala kitandani. Mzee mmoja, mteja wa Mama tangu sijazaliwa, ndiye aliyesema.

"Mwanetu, wewe ni wa hapa. Mwenye pombe anaonja kwanza mbele za watu, waone haina sumu, ndipo na wao wanakunywa. Hii ya kwako nani kaionja?"

Nikalala mimi. Haikusaidia. Wakasema mtu aliyekaa mjini miaka yote hiyo huenda ameshachanjwa dhidi ya mashine yake. Alale mama yako.

Mama akaitwa kutoka jikoni kwake, akaja akijifuta mikono kwenye kanga, akalala. Nikamuuliza mbele ya wote, kama utaratibu unavyotaka, iwapo anakunywa pombe.

"Mimi? Pombe? Waulize hawa!"

Wakamtetea kwa sauti moja. Mama ni mtu wa kanisa, mkali kwa walevi, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi na kinywaji. Ni kweli. Wakati wote alikuwa amesimama.

Nilifurahi kwamba ningewaonyesha ini zima la mtu asiyekunywa. Mashine ikasema ni gumu, kama la mlevi. Nikapima tena, nikambadilisha mkao, nikapima tena, nikaanza kuilaumu mashine ambayo asubuhi ile nilikuwa nimeisifu sana.

"Vipi, limeiva?" Mama akauliza, watu wakacheka.

Nikasema tutaongea nyumbani. Wao walichoona ni kwamba ameinuka mzima, basi wakapanga foleni. Yule mzee ini lake lilikuwa laini, akanishukuru kana kwamba nimemtengenezea mimi.

Hospitalini nilikompeleka Mama walitafuta virusi vya homa ya ini, hawakuviona. Ikabaki pombe. Tulikaa jikoni nikamwomba anieleze kazi yake kama mtu asiyeijua. Anaonja akichuja. Anaonja ikianza kuchachuka. Anaonja kila chungu, maana vyungu havifanani. Kisha anakunywa kata ya kwanza, ile ya kuchotea chunguni, mbele ya wageni, na nyingine kila anapofika mchelewaji mwenye mashaka. Amefanya hivyo karibu maisha yake yote.

"Hiyo ni kazi," akasema. "Mlevi anakaa, anaimba, anatukana watu. Mimi nimemtukana nani?"

"Mama, acha."

"Niache nini, na sijaanza?"

Nikamwambia bila kuzunguka: ini lake bado lingeweza kupata nafuu, lakini akiendelea nitamzika. Nililia. Yeye akakasirika, akauliza ni usomi gani huu wa kumlilia mtu aliyekaa anamenya viazi. Alimenya vyote ndipo akasema sawa, hataonja tena.

Ila kulikuwa na ngokela, kazi ya kusaidiana shambani. Majirani walikuwa wanakuja kumchimbia mashimo ya ngoro, yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua, kwenye shamba lake la mtelemko, naye anawapa ugimbi, ndivyo kazi hiyo inavyofanywa. Bila pombe hawaji. Bila kuonjwa hawanywi, na wakiondoka na kiu, mwaka ujao analima peke yake. Nikapendekeza togwa, isiyolevya. Mama alinitazama kwa huruma.

"Basi aonje wa damu yangu," akasema. Kaka zangu wako mbali.

Siku ya ngokela waliweka majembe chini wakaketi, wengi wao wale niliowashauri zahanati wapunguze, nao waliitikia kwa adabu. Mama akachota kata, akaishikilia muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akanipa.

Nikanywa yote, maana kubakiza kungewatia shaka. Akina mama wakapiga vigelegele, na yule mzee akatangaza kwamba sasa daktari amerudi nyumbani. Nikatamani kucheka pamoja nao.

Mama hakucheka. Alikuwa ananiangalia kooni pombe inavyoshuka, kwa macho yale yale niliyokuwa nayo mimi mbele ya mashine. Akaninyang'anya kata kabla sijaishusha vizuri.

"Inatosha," akasema polepole. "Usizoee."