Nola na Mchuzi wa Sikukuu ya Shukrani

"Hivi ninyi Wakanada mnamshukuru Mungu mwezi wa kumi, sisi wa kumi na moja. Mnaogopa baraka zitaisha kabla ya zamu yenu?"

Nola aliulizwa hivyo na jirani mmoja kutoka Calais, upande wa Marekani, walipokuwa kwenye daraja la mpakani wakisubiri kukaguliwa. Akajibu kuwa kwao St. Stephen, upande wa Kanada, baridi huwahi, na mavuno pia. Jirani akacheka sana, maana mto unaotenganisha miji hiyo ni mwembamba, ukipiga chafya huku utaitikiwa kule.

Nola amefungasha chokoleti kiwandani tangu ujana, ni mtu wa maneno machache. Shukrani kwake ni Jumatatu tulivu: bata mzinga, viazi vya kuponda, sala fupi, kisha watu wanasinzia kwenye makochi. Kwa wifi yake Charlene, kule ng'ambo, ni Alhamisi yenye ukoo mzima na mpira kwenye televisheni, na hakuna anayegusa chakula mpaka kila mtu aseme anashukuru nini.

Kila Novemba Nola alivuka kwenda kula kwa wifi. Oktoba, wifi hakuvuka hata mara moja.

"Hiyo yenu ni mazoezi," alikuwa akisema. "Mechi iko kwetu."

Mwaka huu Charlene akakubali. Nola hakulala vizuri. Alitaka Charlene aonje mchuzi wake ungali moto, na mwakani arudi bila kubembelezwa.

Charlene akaingia na bakuli la viazi vitamu vilivyofunikwa pipi laini nyeupe. "Nilijua hamna hivi."

"Hatuna kwa makusudi, dada," alisema Lorne, mume wa Nola.

Lorne akasali, akasema amina, akanyoosha mkono. Charlene akampiga kikofi. "We! Tuzunguke meza kwanza, kila mtu na shukrani yake. Mzee Burpee, anza."

Mzee Burpee, jirani yao, hakuwahi kuulizwa jambo kama hilo maishani. Akakohoa. "Nashukuru matairi ya theluji."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu ya theluji."

Lorne akashukuru kwamba zamu yake imefika. Ndipo Charlene akafumba macho, akaanza yake: mchungaji, mbwa, paa jipya, daktari wa goti. Nola akautazama mchuzi. Mvuke ulikuwa umekwisha. Utando ulikuwa unatanda juu, kama barafu ya kwanza mtoni.

Kumkatiza mtu anayemshukuru Mungu, Nola aliona ni dhambi. Tena Charlene ni mwepesi wa kununa. Akinuna, daraja hatalivuka tena. Akavumilia. Charlene akamaliza goti la kulia, akavuta pumzi ndefu.

Nola akamshika mkono taratibu.

"Wifi, naomba tule sasa. Hilo goti la pili tutalishukuru tukiosha vyombo."