Mama aliposikia neno "mitambo"

Leo mama yangu nusura amzuie mjukuu wake kwenda chuo, kisa neno moja.

Binti yangu Mwanahawa anachagua chuo. Cha Dar ni karibu na hapa Kibiti. Cha Mbeya ni mbali, lakini ndicho anachokitaka, na bila radhi ya bibi yake haendi.

"Unakwenda kusomea nini huko?" mama akauliza.

"Uhandisi mitambo, bibi."

Mama akanigeukia mimi.

"Mitambo? Mjukuu wangu mnampeleka Mbeya akapike gongo?"

(Kwa mama, mtambo ni ule wa pombe tu, unaokamatwa na polisi. Na redioni ndivyo wanavyosema.)

Nikamwambia, "Ni mashine, mama. Kama ile ya boti ya baba."

Hapo akalainika.

Zamani kule kijijini kwetu Mbwera, mashine ya marehemu baba ilikuwa inakohoa. Ikikohoa tu nyuma ya mikoko, mama anajua baba anarudi, anainjika wali. Sisi watoto tulidhani mashine zote hukohoa.

Akamgeukia Mwanahawa. "Chuo kipi watakuacha uishike kwa mikono yako?"

"Cha Mbeya, bibi."

"Basi nenda. Ila ukiletewa inayokohoa kama ya babu yako, hiyo usiitengeneze."

Mwanahawa akacheka. Mimi nikatoka nje kuangalia kuku, ambao hatuna.

Wa Mbwera, mashine ya kwenu ilikuwa ikilia vipi?