Walisema Mama Mkwe Ameroga Boti Yetu

Boti yetu ilisimama wima ziwani kama farasi aliyeumwa na nyuki, ikamtupa shemeji yangu majini, na kufikia jioni kijiji chetu kilikuwa kimeshapata mchawi.

Mchawi mwenyewe? Mama mkwe wangu.

Kama una chai jikoni, epua kwanza. Hii haitaki haraka.

Mimi naitwa Edinah. Nimeolewa Manga, huku juu Nyamira. Kazi yangu ni ndizi. Nanunua mikungu kwa majirani, nashuka nayo Kisii, Oyugis, hadi Kendu Bay, halafu navuka ghuba ya Ziwa Victoria niuze ng'ambo.

Miaka mingi nilipanda boti za watu. Unabembeleza, unangojeshwa, na ndizi zinaiva zikikutazama.

Mwaka jana mimi na mume wangu Eric tukasema potelea mbali. Tukanunua yetu. Boti ndogo ya mbao, na injini mpya ya kufunga nyuma.

Watu walicheka, wacha tu.

"Mkisii na ziwa wapi na wapi?"

Mama mkwe wangu, Nyanchoka, hakucheka. Mama huyo anaogopa maji kupita kiasi. Hata gari likipita darajani yeye hufumba macho na kuomba.

Siku tunaondoka na injini kwenye pikapu alisimama getini, mikono kiunoni, akasema kwa sauti:

"Hicho kitu kitawarudisha hapa mkilia!"

Majirani wakasikia. Hayo maneno yakawekwa akiba.

Majuma ya kwanza boti ilienda fiti. Halafu ikaanza vituko.

Ukiongeza mafuta, pua inapanda juu. Unaona mbingu tu, huoni unakoenda. Inadunda dunda juu ya maji, pu, pu, pu. Petroli inanywa kama ng'ombe wa kiangazi lakini mwendo hakuna.

Eric ndiye aliyekuwa anashika injini. Nikimuuliza, anasema, "Ni upepo."

Basi asubuhi moja wakajaza mikungu na kutoka, Eric na ndugu yake mdogo Onyiego. Mimi nilibaki ufuoni kupokea mzigo mwingine. Onyiego alikuwa amekaa ukingoni akipiga stori.

Eric akafungua mafuta yote.

Manze, niliona kwa macho yangu. Pua ikaruka juu. Mikungu ikateleza yote kwenda nyuma. Maji yakaingia kupitia nyuma, boti ikapinda, na Onyiego akarushwa huko. Mkono wake ukagonga ubao, nikausikia mlio nikiwa nchi kavu.

Jaketi la kuelea ndilo lililomwokoa. Wavuvi wakamvuta, wakaivuta na boti.

Tukampeleka hospitali. Akafungwa plasta hadi begani. Mimi nilidhani atashukuru Mungu kwanza.

Akasema, "Nani alisema tutarudi nyumbani tukilia?"

Nikamwangalia Eric. Huyo ni mama yake mzazi anayetajwa. Nikangoja aseme kitu.

Eric aliangalia viatu vyake.

Habari ikapanda mlima kabla yetu. Tulipofika Manga, neno lilikuwa tayari midomoni mwa watu: omorogi. Mchawi. Mama ambaye juzi walikuwa wakimwomba mbegu za mboga sasa wanavuka barabara wakimwona.

Kisha nikaenda nyuma ya jiko lake kuchukua kuni.

Mtu alikuwa amerundika majani makavu ya ndizi ukutani. Mengi. Yamepangwa vizuri kabisa.

Ukiwa mtu wa kwetu huhitaji kuelezwa majani makavu ukutani mwa mama mzee yanamaanisha nini. Kama wewe si wa kwetu, nitakwambia: yanangoja kiberiti.

Niliogopa. Halafu nikakasirika. Hasira ikashinda woga, asante Mungu.

Kesho yake kukawa na mkutano kwenye boma letu. Vijana wengi, na wengine siwajui hata kwa sura. Naibu chifu, Mzee Angwenyi, alikuja kutuliza watu lakini hakuna aliyemsikiliza. Onyiego alisimama na plasta yake kama bendera.

"Mimi simchukii mama yangu," akasema. "Lakini alitamka, na ikawa. Nyinyi mnaitaje hiyo?"

"Uchawi!" vijana wakajibu.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Hakulia. Alikuwa anawaangalia wanawe mmoja mmoja.

Eric alikuwa mlangoni. Kimya.

Nikatoka nikasimama mbele ya kile kigoda.

"Nani alipanga majani nyuma ya jiko?" nikauliza.

Vijana wakatazamana.

"Nimeyatoa. Nimewapa ng'ombe walalie. Na mwenye kiberiti aanze na mimi, niko hapa."

"Edinah, wewe umeolewa tu hapa," Onyiego akasema. "Haya ni mambo ya familia."

"Boti ni yangu. Ndizi ni zangu. Huyu amenipokea kama binti yake. Sasa niambie ni familia ipi nyingine unaijua."

Wanawake wengine nyuma wakaguna kwa kuniunga mkono. Nikapata nguvu.

"Jumapili shukeni ziwani. Wote mnaopiga kelele. Mama nitampandisha kwenye boti hiyo hiyo. Kama ni yeye aliyeiroga, mtaona wenyewe."

Watu wakacheka kwa dharau, lakini Angwenyi alishika neno langu pale pale.

"Jumapili basi. Mpaka siku hiyo mama anakaa kwangu. Anayemtaka atanikuta mlangoni."

Wakati wa kumsindikiza, Mama alinishika mkono.

"Edinah, wewe unajua nini juu ya injini?"

"Sijui kitu, Mama. Lakini nakujua wewe."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeongea kwa hasira. Nimeahidi watu muujiza na sina hata spana.

Nikamwambia Eric tushuke ziwani tuangalie boti. Akasema mgongo unamuuma.

Nikashuka peke yangu.

Nilivaa jaketi, nikapakia mikungu vile Eric alivyokuwa anapakia. Yote nyuma karibu na injini, ili pua iwe nyepesi isikwame mchangani. Kisha nikaondoka pole pole, karibu na ufuo.

Pua ikapanda.

Nikazima. Nikakaa nikafikiria kama mtu anayebeba mizigo kichwani tangu utotoni. Mkungu ukiwa mzito upande mmoja, shingo inakwambia. Hauhitaji mganga. Unausogeza.

Nikasogeza mikungu kadhaa hadi katikati. Pua ikashuka kidogo. Nikajaribu kuipeleka yote mbele kabisa, ikawa balaa nyingine, pua ikachimba maji na kunimwagia usoni. Nikairudisha katikati. Mtungi wa petroli ulikuwa upande wangu, boti imelala kulia kama mlevi. Nikauhamishia kushoto, ikakaa sawa.

Lakini bado nikiongeza mwendo ilidunda. Pu, pu, pu.

Nikampigia fundi wa duka lililotuuzia injini. Nikamweleza. Akasema, "Nipigie picha pale injini inaposhika boti, uitume."

Nikatuma. Simu ikalia papo hapo.

"Mama, hiyo pini imekuwa tundu la mwisho kwa nini? Mimi sikuiweka huko."

Niliangalia kwa mara ya kwanza. Chuma kinachoshika injini kina matundu kadhaa, na pini moja inapita katikati. Fundi akanieleza. Pini ikienda tundu la nje, mguu wa injini, ule unaoingia majini, unasukumwa mbali na boti na pua inapanda. Ikienda tundu la ndani, mguu unarudi chini ya boti na pua inashuka. Unatafuta katikati, boti ilale juu ya maji kama ubao.

Nilizima injini, nikaiinua, nikachomoa pini. Nikaweka tundu la ndani kabisa. Pua ikazama, mkono wa injini ukawa mzito unanivuta bega. Nikatoa tundu moja nje.

Boti ikalala.

Nawaambia ikalala. Ikakata maji bila kudunda, bila kupiga kelele, na mbele naona ng'ambo yote. Nilipiga kelele peke yangu ziwani kama mwendawazimu. Wavuvi wakanipungia.

Halafu nikazima kicheko. Nikarudisha pini tundu la mwisho, na mikungu nyuma, vile nilivyoikuta.

Nilitaka waone yote mawili.

Jumapili walikuja. Walijaza lori la kubebea majani chai na pikipiki kadhaa. Onyiego alikuwa mbele na plasta yake. Eric alikuja pia, akasimama mbali. Angwenyi alimshusha Mama, amevaa nguo yake ya kanisa na kitambaa cheupe.

"Mama abaki na nyinyi kwanza," nikawaambia. "Mshikeni mikono mkitaka."

Nikaondoka peke yangu, pole pole. Pua ikapanda vile vile. Kelele ufuoni!

"Mnaona! Mnaona!"

Nikarudi, nikazima.

"Tumeona," nikasema. "Na Mama yuko wapi?"

Wakageuka. Mama alikuwa katikati yao, kitambaa chake kichwani, macho ameyafumba, anaomba.

"Sasa tazameni mchawi." Nikachomoa pini nikaiinua juu waione. Kijichuma kidogo. Nikaiweka pahali pake. Nikahamisha mikungu hadi katikati, na pale mbele nikaacha nafasi.

"Mama, njoo."

Nyanchoka ni mama wa mwili, hilo sifichi. Jaketi la kuelea lilikataa kufunga, tukalilegeza kamba zote. Alipoweka mguu ndani boti ikayumba na yeye akalitaja jina la Yesu likasikika ng'ambo.

"Mama, ukiogopa tuache. Hawa wasikulazimishe."

Akaniangalia. Akaangalia wanawe.

"Wameniogopesha zaidi ya maji haya," akasema. "Endesha."

Nikafungua mafuta.

Boti ikaondoka imelala, pua imetulia, Mama ameketi mbele kama chifu. Tulipiga duara kubwa. Nikaongeza mwendo. Kitambaa chake kikang'oka kikaenda na upepo na hata hakukifuata. Katikati ya duara la pili alifumbua macho.

"Kumbe ni kuzuri hivi?" akasema.

Tulipofika ufuoni hakuna aliyekuwa anacheka. Vijana wengine walikuwa wameanza kurudi kwenye lori, wanaangalia simu. Onyiego akaja hadi majini, viatu na yote, akampa mama yake mkono ule mzima ashuke. Alikuwa analia. Sikumhurumia, nasema ukweli. Labda baadaye.

Kulikuwa na swali moja limenibakia. Nikaliuliza mbele ya wote.

"Siku injini inafungwa, pini ilikuwa katikati. Fundi ameniapia. Nani aliisogeza?"

Nilikuwa natarajia mtu wa ufuoni. Adui. Mtu wa wivu.

"Ni mimi."

Eric.

Alikuja mbele ameinamisha kichwa. Akasema magugu maji yalikuwa yanasonga panga la injini, lile linalozunguka majini, karibu na ufuo. Mtu mmoja akamwonyesha ukisogeza pini nje, mguu unainuka na magugu yanapita chini. Akaisogeza. Magugu yakapita. Hakuirudisha.

"Na ulijua ndiyo inayoinua pua?" nikauliza.

"Mwanzoni hapana."

"Na Onyiego alipovunjika mkono?"

Akaitazama plasta ya ndugu yake.

"Nilishuku," akasema. "Nikaogopa kila mtu atasema nimemvunja ndugu yangu. Halafu wakaanza kumtaja Mama, na... nikaona wameshapata mtu."

Wameshapata mtu.

Ziwa lilikuwa linapiga mchanga tu.

Mama alimwendea. Nilidhani atampiga kofi. Akamshika kidevu, akamwinua uso kama mtoto.

"Eric. Yale majani uliyaona?"

"Niliyaona, Mama."

Akamwachilia. Akageuka, akapanda pikipiki ya Angwenyi, akaenda nyumbani bila kuangalia nyuma.

Hajala chakula nyumbani kwa Eric hadi leo. Kwangu anakula. Ni nyumba ile ile, lakini mimi nikimpakulia anakula, Eric akimpakulia anasema ameshiba. Eric anaomba msamaha kila Sabato. Anangoja. Hata mimi namwambia angoje, kwa sababu kuna jambo ambalo huwezi kurekebisha kwa kuchomoa pini.

Injini sasa nashika mimi. Eric anapakia, na anapakia ninavyosema. Kijana yeyote ufuoni akiniambia mwanamke hawezi boti, namwambia apande akae nyuma nimwonyeshe mbingu.

Na wewe unayesoma hii ukiwa na simu mkononi na jina la mama wa mtu mdomoni: ajali ikitokea, kagua chuma. Kagua mzigo umekaa wapi. Muulize yule aliyenyamaza. Ukimaliza yote hayo na bado unataka mchawi, basi njoo Manga. Nyanchoka yupo, majani makavu tunawatandikia ng'ombe, na mimi bado nasimama mbele ya kigoda chake.