Mwanaume mwenye uvimbe kwenye kizazi: siku shangazi aliponipeleka kwa daktari bingwa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Haya yamenipata mwenyewe, sijasimuliwa. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka chini.

Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi huku Kamuli, Kyerwa. Ni trans. Nilizaliwa nikaandikwa msichana, lakini tangu nipate akili najijua mwanaume, na ndivyo ninavyoishi.

Sasa tumbo la chini likaanza kuuma, damu haikatiki. Zahanati wakasema kuna uvimbe kwenye kizazi, nenda kwa daktari bingwa wa wanawake.

Wakuu, nikaenda shambani!

Miezi ikapita. Kichwani ni saratani, saratani. Ila kilichonitisha zaidi ni lile benchi la kliniki. Nesi anaita jina kwa sauti, unaitika, kina mama wote wanageuka. Na jina langu la ubatizo ni la kike.

Shangazi, dada yake baba, akanikuta nimeshikilia mgomba, uso nimeukunja. Nikamwambia yote. Huyu mama wa Kilutheri hana masihara.

"Hilo jina ni langu, nilikupa mimi ulipobatizwa. Kesho tunaenda wote. Wewe nyamaza tu."

Kliniki nilitoka jasho utadhani napasua kuni. Nesi akaita.

"Abeee!"

Shangazi huyo, kasimama, anakaza kitenge. Mimi nyuma nimembebea mkoba, kijana mwema kamleta mama yake hospitali. Hakuna aliyegeuka.

Ndani daktari akamwambia, "Mama, panda kitandani."

"Mimi waitu, daktari wangu, nilishamaliza mambo ya kuzaa. Mgonjwa ni huyu kijana wangu, na usimpigie kelele."

Nikajua hapa tunafukuzwa. Daktari akaniangalia, akaenda kufunga mlango vizuri. "Nikuite nani?"

Nikamwambia. Akaniita hivyo hivyo mpaka mwisho. Jamani, nililia kabla hata ya ultrasound.

Tulipotoka, benchi zima likampa pole shangazi. "Umeambiwaje mama?" Akajibu mkavu, "Nina uvimbe, utatolewa."

Njiani nikamuuliza, kanisani wakisikia je? Akasema, "Waniombee. Maombi yatakufikia tu."

Na kweli Jumapili usharika mzima ukaombea kizazi cha shangazi, yeye kainamisha kichwa, mimi pembeni nasema amina!

Nimeshafanyiwa upasuaji. Kilichotolewa kikapimwa, si saratani. Wakuu, nalala usingizi sasa, na leo nimeanika kahawa bila kushika tumbo.

Sidanganyi mtu, wapo wenzangu waliofukuzwa kwenye milango kama ule. Mimi nilibahatika. Lakini aibu ilikaribia kuniua kabla ya ugonjwa. Wewe unayejificha na maumivu, si lazima kijiji kizima kikuelewe ndipo utibiwe. Tafuta mtu mmoja wa kwenda naye.

Mliopitia haya, mlipokelewaje? Semeni hapa chini. Wenye matusi nao karibuni, shangazi amekaa hapa pembeni yangu, atawaitikia yeye.