Siku Mama Alipoifukiza Hedifoni Yangu

Chini ya nyumba yetu kuna karakana ya seremala. Sisi tunakaa juu, yeye na mashine zake wanakaa chini, na kati yetu kuna sakafu ya boriti za kale ambayo haizuii chochote. Akiwasha randa ya umeme, vikombe vya kahawa huanza kutembea mezani. Akiwasha msumeno, mama hupandisha sauti bila kukatiza maneno yake, na ukizimwa huiteremsha, wala hajui kwamba anafanya hivyo. Huu ni mji wa kale wa Malindi, nyumba zimekumbatiana, na karakana hiyo marehemu baba aliipangisha kabla mimi sijajua kusoma.

Nami riziki yangu iko masikioni. Hutumiwa mahojiano na mikutano iliyorekodiwa, nikasikiliza, nikaandika kila neno. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikisubiri seremala aende kuswali ndipo nifanye kazi, kisha nikimwombea swala ndefu. Halafu kaka yangu, anayefanya kazi Dubai, akaniletea hedifoni. Si zile za kuchomeka sikioni. Hizi zinafunika sikio zima kama bakuli, na zina uwezo wa kuzima kelele. Siku niliyozivaa mara ya kwanza, seremala alikuwa anapasua mbao. Nikabonyeza kitufe, na karakana nzima ikaondoka duniani. Nilicheka peke yangu hadi mama akaja kunitazama mlangoni.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa hedifoni. Watu wana paka, mimi nina hedifoni. Nilisoma kila nilichoweza kuhusu namna zinavyofanya kazi, na nikipata mtu wa kumweleza simwachi. Nje ya kila bakuli kuna vitundu vidogo mno, na ndani ya vitundu hivyo kuna maikrofoni. Maikrofoni husikia mvumo wa nje, kisha chombo hutengeneza mvumo wa kinyume chake, na ile mivumo miwili inauana kabla haijafika sikioni. Kwa hiyo vitundu vikiziba, chombo kinakuwa sawa na mtu anayejibu swali ambalo hakulisikia. Na ule mto wa ngozi unaozunguka sikio lazima ushike kichwa barabara, kwa sababu penye mwanya kelele hupita, hata mwanya wa ushungi uliokunjika.

Haya yote nilijifunza kwa machungu. Mito ya kwanza niliiua kwa mafuta ya nazi. Mimi ni mtu wa pwani, nywele zangu hazijawahi kulala bila mafuta, nami nilikuwa nikitoka kupaka navaa moja kwa moja. Ngozi ikaanza kubanduka vipande vyeusi vilivyonigandia shingoni, na sauti ya randa ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Nikanunua mito mipya. Sasa mafuta napaka nikimaliza kazi, ushungi naufunga nyuma ya masikio, mito naipangusa jasho kila jioni kwa kitambaa kikavu, na hedifoni inalala ndani ya boksi lake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Hewa yetu ya chumvi hula hata bawaba za milango. Majirani wote wameshajua kwamba wakinunua viatu, vipakiti ni vyangu.

Mwaka huu kazi za kuandika zilipungua sana. Kaka akanitafutia nafasi ya mapokezi katika hoteli huko Dubai, nami nikakubali shingo upande. Kisha, wakati nguo zimeanza kuingia sandukuni, nikapata habari ya kazi nyingine: ukalimani wa simu. Daktari yuko nchi ya mbali, mgonjwa anajua Kiswahili peke yake, na mimi niko katikati, chumbani kwangu, nawasikilizanisha. Kulikuwa na mtihani wa moja kwa moja mtandaoni. Nikifaulu, nabaki Malindi. Nikianguka, naondoka, na mama anabaki na ngazi na msumeno.

Mama hakusema niende wala nisiende. Nilipokuwa nikikunja nguo, alikuwa akinifuata nyuma, anazikunjua na kuzikunja upya, taratibu. Nilimwona. Nikajifanya sikumwona, kwa sababu tungeanza kulia wote wawili na kazi ingelala.

Siku moja kabla ya mtihani nilitoka asubuhi kununua kadi ya muda wa maongezi na mtandao. Niliporudi, nyumba ilikuwa imejaa moshi mtamu. Mama alikuwa anafukiza. Kwetu nguo haijawa safi mpaka ipitiwe na udi: unaweka chetezo chenye makaa, unatupia vipande vya udi, juu yake unasimamisha kitundu cha fito, mfano wa tenga, na nguo unazitandika juu ya kitundu zinywe moshi. Kanzu yangu ya kijani ilikuwa juu, ushungi wangu ulikuwa juu, na juu ya vyote, imening'inia kwa utepe wake, ilikuwa hedifoni.

Sikupiga kelele. Kwa kweli nilipiga.

"Mama! Wafanyani?"

"Lile dude lako lanuka jasho," akasema, akaendelea kupepea makaa. "Kesho wasimama mbele za watu. Siwezi kukwacha wende na jasho."

"Hawanioni! Wala hawaninusi! Ni sauti tu, mama, sauti!"

"Wewe wajinusa," akasema. "Mtu akijinusa vizuri husema vizuri."

Niliinyakua hedifoni, nikakimbilia chumbani, nikaivaa. Ilinukia bwana harusi. Nikabonyeza kitufe, na badala ya kile kimya changu nikasikia mvumo, kama upepo ndani ya mtungi mtupu, na katikati ya mvumo msumeno ukiingia kupitia sikio la kulia, mzima, na meno yake yote. Moshi wa udi una ulimbo. Ulimbo ulikuwa umeganda juu ya vitundu vya maikrofoni.

Niliogopa, lakini sitasema uongo, palikuwa na kitu kingine pia. Nilisisimka. Miaka yote nimewachosha watu kwa maelezo ya maikrofoni na mivumo, na sasa ugonjwa wenyewe umekuja nyumbani kwangu na naujua kwa jina.

Nikaenda mbio dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi karibu na soko, ambaye familia yake imeuza redio na pasi na feni tangu enzi za babu yake. Aliipokea hedifoni, akainusa, akafumba macho.

"Bibi, hii harufu nzuri sana," akasema. "Lakini hedifoni kwisha. Mimi iko na mpya."

"Sitaki mpya."

"Basi mimi iko na pampu. Napuliza upepo, puu, yote natoka."

Nikamnyang'anya. Upepo wa pampu haumtoi adui, unamsukuma ndani zaidi akakae sebuleni. Nikamweleza hayo kwa kirefu, wateja wakanizunguka, na mmoja akaniuliza kama natengeneza na televisheni. Mzee akacheka hadi miwani ikateleza puani. Mwisho aliniuzia mswaki wa mtoto mchanga, ulio laini kuliko yote, na ile gundi ya buluu, laini kama donge la unga, ya kubandikia picha ukutani. Duka la dawa likanipa spiriti na vijiti vya pamba.

Nilikaa dirishani penye mwanga. Kwanza mswaki mkavu, bakuli limeinama vitundu vikitazama chini, ili kinachotoka kianguke, kisirudi ndani. Kisha gundi: unaigusisha tu, unaibandua, unaigusisha tena, na kila ikibanduka inatoka na vidoa vya kahawia. Mwisho pamba yenye spiriti, iliyokamuliwa hadi karibu ikauke, kwa sababu tone moja likizama ndani umeua maikrofoni na unaweza kuanza kufunga mizigo. Pamba ikawa ya rangi ya chai, na chumba kikanukia upya.

Mama akapita na kikapu cha nguo. Akasimama. Akaitazama pamba, akanitazama mimi. Nikaifunika kwa kiganja.

"Vumbi la mbao tu hili," nikasema.

"Vumbi la mbao lanuka udi siku hizi?"

Akaenda zake jikoni na kikapu chake.

Kabla ya magharibi niliijaribu. Bakuli la kushoto lilikuwa limerudi kuwa lenyewe. La kulia lilikuwa bora sana, lakini kwa chini kabisa nilisikia kitu, uzi mwembamba wa mvumo, na sikuweza kujua kama ni ulimbo uliobaki au ni hofu yangu. Ningeweza kushuka kumwomba seremala apumzike kidogo asubuhi. Lakini alikuwa na kazi ya milango ya hoteli moja ya Watamu, wenyewe wanamkalia kooni. Tena mimi ndiye niliyewahi kusimama kwenye ngazi nikamtambia mbele ya mafundi wenzake, "Pasua mpaka uchoke, mimi sikusikii!" Nitakwenda vipi kumbembeleza?

Asubuhi ya mtihani nywele zangu zilikuwa kavu na ushungi umefungwa nyuma ya masikio. Nikaiwasha hedifoni kabla ya kuunganishwa, nikatega masikio.

Kimya.

Kimya kitupu, kushoto na kulia. Hakuna mvumo, hakuna uzi, hakuna msumeno. Nilitaka kuruka juu ya kitanda. Mswaki wa mtoto na gundi ya picha! Nikaona nimepona, na mwanamke mtahini alipoingia kwenye laini na kunisalimu, nilimwitikia kama niliyekwisha kuajiriwa.

Mgonjwa wa mtihani alikuwa sauti ya bibi mmoja, dhaifu, anayemeza maneno. Alisema ana kisunzi, na akiinama kutawadha huona kiwi cha macho, na moyo wamwenda mbio. Daktari alikuwa na haraka, anamkatiza. Nilimkataza kwa adabu asimkatize. Kila pumzi ya yule bibi niliipata, hata pale aliposhusha sauti akasema dawa aliziacha kwa sababu zamnyima usingizi, nikamfikishia daktari na hilo. Ukilikosa neno kama hilo, umemkosa mtu. Tulipomaliza, nilimsikia mtahini akiandika, kisha akaniambia pale pale kwamba nimefaulu na kwamba nianze wiki ijayo.

Nilifunga kompyuta, nikapiga kigelegele ndani ya kiganja. Kisha nikaivua hedifoni. Niliivua kwa makusudi, kwa kiburi, nipate kuusikia msumeno na kuucheka.

Hapakuwa na msumeno. Nilisikia kunguru. Nikamsikia mtu anafua ng'ambo ya uchochoro. Chini ya sakafu hapakuwa na sauti yoyote, na mama hakuwa jikoni wala chumbani kwake.

Niliteremka ngazi peku.

Seremala alikuwa amesimama katikati ya karakana, kalamu sikioni, kikombe cha kahawa mkononi, hana la kufanya. Juu ya meza ya msumeno palikuwa na ubao mpana wa mlango, tayari kupasuliwa. Juu ya ubao alikuwa amekaa mama, buibui limepangika vizuri magotini, tasbihi mkononi.

"Shikamoo yake nilimpa tangu asubuhi," seremala akaniambia kwa unyonge. "Nikamwambia, Bi mkubwa, hapo msumeno una meno. Akan'ambia na yeye anayo."

"Nilichoka ngazi," mama akasema. "Nimekaa kupumzika. Ni dhambi?"

Nilitaka kucheka, na macho yakajaa maji kabla sijacheka. Alikuwa ameijua ile pamba. Alijua ni udi wake, na hakuwa na mswaki wala spiriti wala elimu ya mivumo, basi akaja kulizima lile jambo kwa mwili wake.

"Ushamaliza?" akaniuliza.

"Nishamaliza, mama."

Hakuniuliza nimefaulu au vipi. Alipangusa unga wa mbao kwenye ubao, kwa kiganja, kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha akarudia.

"Zile nguo za sandukuni," akasema, "n'zifukize za safari, au n'zirudishe kabatini?"

"Zirudishe, mama."

Akaacha kupangusa. Tasbihi ikasimama vidoleni, midomo ikasema alhamdulillahi. Kisha akanipa mkono nimshushe, akajikung'uta, akamgeukia seremala.

"Haya, kata mbao zako. Watuchelewesha."

Msumeno ukanguruma kabla hatujafika katikati ya ngazi. Nikaivaa hedifoni pale pale na kubonyeza kitufe. Msumeno ukatoweka, na upande wa kulia hakukuwa na uzi wowote wa mvumo. Ningeweza kuusherehekea ushindi huo mchana kutwa. Lakini mama alikuwa ameshatangulia chumbani kwangu, sanduku limefunguliwa kitandani, na niliona midomo yake inasogea akininyooshea kanzu ya kijani. Nikaivua hedifoni upesi nimsikie.